Gauni Lililoingia na Kuku

Mtaani walimwita Fundi Pima, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Alipima sukari ya chai, alipima mafuta ya taa, na dawa ya meno aliwatilia watoto kwenye mswaki kwa mkono wake mwenyewe, kiasi cha punje ya harage. Tusizungukezunguke: mtu huyu alikuwa mkono wa birika. Kazi yake ya cherehani, hata hivyo, haikuwa na mpinzani.

Shule zilipofungwa, mkewe alisema mwaka huu watoto lazima waende bustani ya michezo, ile yenye treni ya kupinda hewani, na mama yake mzazi waende naye. Fundi hakubisha. Alitangulia peke yake kwenda kusoma bango la langoni, akarudi nyumbani hana raha. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Na humo ndani, sahani moja ya viazi vya kukaanga iliuzwa kwa bei ya mita tatu za kitambaa cha bitana.

"Watu watano," alimwambia mkewe. "Mita kumi na tano. Tutakuwa tumekula mapazia ya nyumba nzima."

Usiku ule aligeukageuka kitandani, na kulipokucha alikuwa na jibu. Walinzi wangepekua mikoba na mifuko ya suruali, lakini nani angethubutu kumpapasa mwanamke mwenye mvi zake? Siku hiyohiyo alimwita mama mkwe kibandani kwake, akampima kwa adabu zote, akamshonea gauni la buluu la kushuka mpaka chini. Ndani ya bitana alificha mifuko kumi na miwili: ya duara kwa mayai ya kuchemsha, mirefu kwa mapaja ya kuku, bapa kwa vipande vya mkate. Asubuhi ya safari alipanga chakula, kila kimoja kimeviringishwa kwenye foili, kisha akaifunga mifuko kwa cherehani. Fundi mlipuaji angebana kwa pini na mambo yangeisha. Huyu alipiga mshono wa mara mbili, akaurudia kwenye pembe, kwa sababu mkono wake haujui kushona ovyo. Mkasi mdogo wa kufumulia akautia mfukoni mwake.

"Na mama umemwambia?" mkewe aliuliza.

"Nitamwambia tukishaingia. Nikimwambia sasa atatetemeka langoni."

"Haya. Gauni lako, mdomo wako. Mimi simo."

Mama mkwe alilivaa, akageuka mbele ya kioo, akageuka tena. "Lina uzito," alisema.

"Kitambaa chenyewe, mama. Vizuri siku hizi ni vizito."

Langoni mlinzi alitoa ndizi kwenye mkoba wa binti mkubwa, akaitupa pipani bila huruma. Mama mkwe alipita kwa maringo na mlinzi akamwinamia kichwa. Fundi alikuwa anakaribia kucheka peke yake pale mlinzi alipomgusa mfuko wa shati na kuchomoa ule mkasi.

"Vyenye ncha haviingii, mzee. Utauchukua ukitoka." Akampa kibati chenye namba.

Fundi alisimama na kibati mkononi, akili ikimwambia taratibu alichokifanya. Chakula kilikuwa ndani. Kilikuwa ndani kabisa, nyuma ya mishono yake mwenyewe, na mishono yake haijawahi kuachia.

Mpaka saa sita watoto wote wawili walikuwa wamepanda farasi wa kuzunguka na vikombe vya kuzunguka, na sasa njaa ndiyo iliyokuwa ikiwazungusha. Mkewe alimtazama kwa jicho lile la mtu ambaye hayumo. Fundi akapiga moyo konde, akaketi kwenye benchi karibu na mama mkwe, kiasi cha heshima katikati yao.

"Mama, kuna jambo kuhusu hilo gauni."

"Hata mimi lilikuwa moyoni," alisema mama mkwe. "Miaka kumi na mmoja uko na binti yangu. Wenzangu wananiuliza, mkweo si fundi, mbona hakushonei? Nawaambia ana kazi nyingi. Leo nilipolivaa tu nimewatangulia kutoka makusudi, nikapita mlango kwa mlango, wanione. Hata yule wa mwisho, ambaye hatusemezani, nimemsalimia."

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kumshonea mama huyu hata leso. Sasa angeanzaje kumwambia kwamba amemtembeza mtaa mzima akiwa kapu la chakula?

"Limekupendeza, mama," alisema, basi.

Wakati huohuo alikuja sungura. Alikuwa mfanyakazi wa bustani aliyevaa manyoya meupe na kichwa kikubwa chenye masikio, kazi yake kukumbatia wageni wapige picha. Alimwona bibi mwenye gauni la buluu, akapanua mikono, akamkumbatia kwa nguvu zote za mshahara wake. Ndani ya gauni kitu kikalia ka, kisha ka.

Sungura alimwachia upesi, akarudi nyuma. "Samahani, bibi, nimekuvunja?"

"Endelea na kazi yako, mwanangu," alisema mama mkwe, akajinyoosha.

Fundi hakuweza kukaa tena. Alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la chakula, akatoa pesa za treni ya hewani, akazihesabu mara tatu asije akazidisha, na akarudi na sahani moja ya viazi kwa watu watano. Jasho lilikuwa linamtoka. Binti mkubwa alitazama sahani, akamtazama baba yake, akaanza kuvihesabu viazi.

"Weka hiyo chini, baba, ukae," alisema mama mkwe. "Mimi nimezaa sita na nimewabeba wote mgongoni. Unadhani sijui uzito wa kitambaa na uzito wa kuku? Paja moja linanichoma ubavu tangu asubuhi."

Mkewe aliinua uso kutazama mawingu.

"Mbona hukusema, mama?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Nikakuona unakwenda kununua viazi, wewe, kwa bei ile, nikajua haya zimekushika. Sasa nikuulize, na usinipimie maneno. Bila huyu kuku, gauni hili ungenishonea?"

Uongo mzuri ulimjia Fundi, umekatwa vizuri na kupigwa pasi. Lakini mama yule alikuwa anamtazama usoni.

"Hapana, mama. Nisingelishona. Nisamehe."

Mama mkwe hakukasirika; ilikuwa vibaya zaidi, maana aliumia na ilionekana. Kisha akamshika mkono binti yake, wakaenda chooni, wakafumua ile mishono kwa meno na kibanio cha nywele. Walikaa huko nusu saa nzima, na mama mkwe alirudi akiifuta midomo.

"Huyu mtu anashona," alisema. "Nimebakiza jino moja tu la kutafunia."

Walikula nyuma ya kibanda cha tiketi, na walikula wakashiba. Sungura alipita akiwa amevua kichwa, analowa jasho, akasimama kuwatazama. Mama mkwe alimpa mayai mawili yaliyopasuka, akamwambia hayo ni kazi ya mikono yake, ayale na asiseme na mtu.

Kisha akamgeukia Fundi.

"Jumatatu nakuja kibandani kwako. Utanishonea jingine. Na utaniletea mwenyewe kwa mikono yako, jioni, majirani wakiwa nje."

"Nitaleta, mama."

"Lisiwe na mfuko hata mmoja."

Fundi alikuwa tayari ameshika utepe wake wa kupimia. "Hata mmoja, mama? Hata kamfuko ka leso?"

"Leso nitashika mkononi," alisema mama mkwe.