Meza Iliyochipua

Binti alikuwa akifuta meza kwa maji ya kisima baada ya chai, na kitambaa kikanasa pembeni. Palikuwa na chipukizi lenye majani mawili.

"Baba, meza imechipua."

Baba yake, seremala, aliitengeneza meza hiyo kabla binti hajazaliwa. Akainama, akaligusa chipukizi kwa kidole gumba.

"Sasa watu watasema natumia mbao mbichi," akalalamika.

Haukupita muda, vikafuata viti, kabati, hata mwiko wa jikoni. Mama akaanza kuanika nguo kwenye matawi ya kabati. Chanzo kilijulikana: shamba kubwa la mahindi kule kilimani lilimwagiwa mbolea kuliko mahindi yalivyoweza kula, na mvua iliteremsha masalio mpaka kisimani.

Taabu ilikuwa kwa mtoto mchanga wa binti. Alikunywa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayohayo, na midomo yake ikageuka rangi kama aliyekula zambarau. Wakamkimbiza zahanati.

"Tunayachemsha vizuri," binti akajitetea.

"Mbolea haiondoki kwa kuchemshwa," muuguzi akamwambia. "Inainyima damu yake hewa. Asiyaguse tena."

Msimamizi wa shamba alikuwa ndugu wa mama. Walipomwita alikuja siku hiyohiyo, akasogeza majani ya kiti, akaketi.

"Shemeji, punguzeni mbolea," seremala akasema. "Mtoto nusura atutoke."

"Poleni sana, jamani. Lakini mahindi yakipauka, tajiri ananifukuza mimi." Akaipapasa meza, macho yakimng'aa. "Ila ona kazi yake! Meza, shemeji! Meza kavu!"

Dada yake akamletea maji ya kunywa. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka bilauri chini ya kiti. Alipoondoka ilikuwa bado imejaa.

Binti akahamia na mtoto kwa shangazi yake ng'ambo ya mji, kwenye maji ya bomba. Midomo ya mtoto ikarudi rangi yake. Wazee wakabaki wawili, wakipogoa kabati na kuzungumza kidogo.

Msimu mpya ulipoanza, trekta zilipanda kilimani na magunia ya mbolea. Kitanda kitupu cha mtoto kikachanua maua meupe, chumba kizima kikanukia. Mama akaacha dirisha wazi, nyuki wapate pa kuingilia.