Seva Ikianguka

Mkahawa ulipofungwa ili jengo livunjwe, wahudumu walitawanyika kila mmoja na njia yake. Aliyeitwa Sinia, kwa jinsi alivyobeba vyombo kwa mkono mmoja huku wa pili ukimfungulia mteja mlango, hakukaa sana nyumbani. Shemeji yake alimletea tangazo kwenye simu: ofisi fulani inatafuta "server assistant".

"Server si ndiyo wewe?" shemeji alisema. "Ni Kiingereza cha mhudumu wa mezani. Wanataka msaidizi wake."

"Msaidizi? Mimi nimeongoza zamu," Sinia alijibu. "Lakini haidhuru. Nikishaingia watanijua."

Akapiga pasi blauzi nyeupe, akaenda.

Bosi mwenyewe ndiye aliyemsaili, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, katika chumba chenye baridi na harufu ya zulia jipya. Sinia alitupa jicho huku na huku asione jiko, akajisemea labda liko chini.

"Kazi ya seva umeifanya miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Bosi akapendezwa. "Unahudumia watu wangapi kwa wakati mmoja?"

"Mchana hata arobaini, na kila mmoja anataka sasa hivi."

"Hao ndio watu," bosi alicheka. "Haya, seva ikianguka ghafla, cha kwanza unafanya nini?"

Kuanguka Sinia alikujua, sakafu yenye maji haina adabu. Kilichomkwaza ni ile "ikianguka". Mtu husemwa "akianguka". Kinachosemwa "ikianguka" ni meza, ni sufuria.

"Samahani, mama. Kuuliza si ujinga. Hiyo seva ni mtu au kitu?"

Bosi alivua miwani. "Ni kompyuta. Iko chumba cha pili, inatunza kazi za wateja wetu na kuwapelekea wakiziomba."

"Basi tumeongea kama bubu na kiziwi. Mimi ni seva wa kupeleka sahani."

Walicheka mpaka bosi akajifuta machozi. Sinia akachukua mkoba, akasimama.

"Kaa kwanza. Kompyuta ikianguka, mafundi ninao. Nisiyekuwa naye ni wa kushika simu. Wateja wanafoka, na mafundi wangu nao wanafoka. Mteja mwenye hasira wewe unamfanyaje?"

"Simwambii atulie. Sijaona mtu aliyetulia kwa kuambiwa. Namuuliza alikuwa anataka nini, namweleza ukweli itachukua muda gani. Kama sijui, nasema sijui, halafu namrudia kabla hajaniita."

"Jumatatu saa mbili utaweza?"

"Saa moja na nusu nitakuwa mlangoni."

Wiki ileile aliyoanza kazi, mashine ikaanguka kweli. Mafundi walikimbilia chumba cha pili, simu zikalia kwa pamoja. Sinia alivuta kiti, akanyanyua moja.

"Ripoti yangu iko wapi?" mzee mmoja alinguruma.

"Ipo, mzee wangu. Seva imeanguka, mafundi wanaiinua. Hiyo ripoti unaihitaji kwa ajili ya nani?"

Mzee alieleza. Sinia aliandika, akaahidi kumpigia, na akampigia, mara mbili. Mashine iliporudi, mzee alikwisha kuisahau ripoti. Alikuwa akimsimulia mguu wa mkewe uliovunjika, na Sinia akamsikiliza hadi mwisho, kidole kikiwa tayari juu ya simu ya pili.