Motokaa Aliyoishusha Zubeiri

Mwaka hamsini na nne, Zubeiri wa Usagara alikata springi za motokaa yake, ikashuka hata sisimizi wakawa wanainama kupita chini yake. Niliwaona kwa macho yangu. Hakufanya kwa maringo. Mama yake, Bi Semeni, alikuwa amepooza miguu, naye hakukubali kubebwa na wanaume. Sasa aliweza kujivuta ndani mwenyewe.

"Magurudumu yameinamia ndani kwa juu," Kristofa fundi alimwonya. "Tairi zitaliwa upande wa ndani. Niachie niyanyooshe."

"Wacha husuda, bwana! Huoni zina meno kama mamba?" Zubeiri alionyesha upande wa nje.

Asubuhi moja ikaja habari kutoka Moa: dada wa pekee wa Bi Semeni amefariki, atazikwa baada ya adhuhuri.

"Nifikishe nimwone uso, mwanangu," alisema Bi Semeni. Nikafuatana nao.

Katikati ya njia tairi likapasuka. Zubeiri alilipindua, upande wa ndani lilikuwa kipara, nyuzi zimetoka. La akiba nalo lilikuwa vivyo hivyo. Akakaa vumbini.

Adhuhuri ilishapita lilipotokea lori la mkonge. Bi Semeni aliwanyooshea mikono wapakiaji.

"Nibebeni, wanangu."

Tulipofika Moa, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wakipukuta udongo mikononi. Zubeiri akamwita mama yake ateremshwe. Bi Semeni akajifunika ushungi usoni, akabaki juu ya lori.