Hamira ya Naila

Habiba alikuwa na mikono ndani ya karai la unga hadi viwiko pale binti yake Naila aliporudi kutoka shule. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo mtoto wa kidato cha tatu hana sababu ya kuonekana mtaani. Msichana hakusalimia. Alichomoa bahasha kwenye begi, akaiweka juu ya mfuko wa ngano, akaketi kwenye kigoda na kuanza kulia bila sauti.

Habiba alijifuta mikono kwa kanga, akasoma. Mwanafunzi Naila Zubery amesimamishwa masomo kwa siku ishirini na moja kwa kosa la kutengeneza pombe ndani ya maabara ya shule. Chini kulikuwa na sahihi ya mkuu wa shule, na muhuri.

Akairudia, akidhani macho yamemdanganya. Pombe. Nyumba ile haikuwahi kuingiza hata chupa tupu ya bia. Baba yake Habiba alikuja Kyela na biashara ya vitambaa kutoka Kilwa, akafa watu wakimwita shehe ingawa hakuwa shehe, ni kwa heshima tu. Leo mjukuu wake kagongewa muhuri kwamba ni mpika pombe.

"Nieleze," alisema.

"Ni hamira, mama. Hiyo hiyo yako."

Akaeleza. Mwalimu Lugano wa baiolojia aliwataka wanaotaka kwenda kwenye mashindano ya sayansi Mbeya watafute swali. Naila alilitoa la kwake humo humo jikoni: hamira inajuaje kwamba chakula kipo, na kwamba sasa ni wakati wa kuzaana? Alichukua chupa nne. Ya kwanza maji matupu. Ya pili maji na sukari. Ya tatu maji yaliyochemshiwa maharage. Ya nne sukari pamoja na maji ya maharage. Kila moja akaitilia hamira ya ncha ya kisu, akaivisha puto mdomoni, na kila siku akachukua tone, akaliweka chini ya hadubini na kuhesabu seli.

"Nilidhani penye sukari ndipo zitakapojaa," Naila alisema, na machozi yakaanza kumkauka kwa sababu ya utamu wa jambo lenyewe. "Zilitoa gesi, puto likavimba kidogo, lakini hesabu haikupanda. Hazikuchipua, maana seli ya hamira huzaa kwa kuchipua nyingine ubavuni. Ni kama zimepima zikaona sukari ipo, lakini cha kujengea mwili hakipo, zikajizuia. Zile zenye sukari na maharage zimezaana mpaka maji yakawa kama yaliyooshewa mchele."

"Na zile za sukari peke yake zilikufa?"

"Hapo ndipo penyewe, mama. Siku ya tano asubuhi nikazitilia maji ya maharage. Jioni zilishaanza kuchipua. Hazikufa, zilikuwa zimesimama, zinasubiri."

Habiba alikuwa ameumua unga miaka kumi na tano, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kilichomo ndani ya karai lake kinapima kwanza ndipo kikue. Fahari ilimpanda, na nyuma yake ikapanda hasira.

"Chupa ziko wapi?"

"Mkuu wa shule alifungua kabati la maabara akasikia harufu. Akazimwaga zote, akachukua daftari langu. Akaniita mpika pombe mbele ya darasa zima."

"Mwalimu Lugano alikuwa wapi?"

Naila akatazama sakafu. "Alikuwepo."

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu."

Habiba akampigia simu mumewe, aliyekuwa soko la Lyulilo kununua vyungu. Zubery akasikiliza, akapumua. "Kaombe radhi yaishe, mama Naila. Mtoto arudi darasani."

"Radhi ya kosa gani?" aliuliza Habiba, akakata simu. Akafunika unga, akavaa baibui, akachukua mkate mmoja rafuni.

Mwalimu Hezroni, mkuu wa shule, alimkaribisha kiti. Habiba hakuketi. Aliweka mkate juu ya meza.

"Mama Naila," alisema mkuu wa shule, "mimi harufu ya pombe naijua."

"Mimi siijui, ndiyo maana nimekuja unieleze. Chai ya walimu hapa mnanywa na nini?"

"Na mkate."

"Mkate wangu. Umeumuka kwa hamira. Kama mwanangu ni mpika pombe, basi wewe umeila pombe yangu miaka sita."

"Siyo hivyo. Hamira ikikaa na sukari siku kadhaa inatoa kileo. Hiyo ni sayansi."

"Ni kweli, na mwanangu kaiandika. Umelisoma daftari lake?"

"Sijapata nafasi."

"Nafasi ya kumwaga umeipata. Nafasi ya kupiga muhuri umeipata. Ya kusoma ndiyo umeikosa." Sauti ya Habiba haikupanda, lakini karani wa chumba cha pili aliacha kuchapa. "Niitie Mwalimu Lugano."

Lugano alikuja, kijana mrefu, akasimama karibu na mlango.

"Mwalimu, ufunguo wa lile kabati alipewa na nani?"

"Na mimi, mama."

"Na hadubini?"

"Mimi."

"Basi mwanangu alipoitwa mpika pombe, ulimi wako ulikuwa wapi?"

Lugano alimtazama mkuu wa shule, kisha viatu vyake mwenyewe. "Mama, mimi hapa ni mwalimu wa kujitolea. Naweza kuondolewa siku yoyote."

"Naila ana miaka kumi na sita. Kati yako na yeye, nani alitakiwa kumkinga mwenzake?"

Mwalimu Hezroni akavuta droo, akalitoa daftari. Akafunua ukurasa wa kwanza kwa haraka, wa pili polepole. Kulikuwa na majedwali, tarehe, na michoro ya seli zenye vichipukizi ubavuni. Alisoma mpaka mwisho.

"Arudi kesho," alisema. "Barua nitaichana."

"Usiichane. Andika nyingine ya kuifuta, na uisome mstarini. Ulimtukana mbele ya watu."

Asubuhi iliyofuata Habiba alisimama kando ya bendera wanafunzi wakijipanga. Mwalimu Hezroni akakohoa, akasoma kwamba kutokana na kutoelewana kulikotokea, mwanafunzi Naila Zubery amerejeshwa masomoni.

Habiba akapiga hatua mbili mbele. "Mwalimu, hakukuwa na kutoelewana. Ulielewa vibaya peke yako. Sema ulichokosea."

Mkuu wa shule aliikunja karatasi. "Naila hakutengeneza pombe," alisema. "Alikuwa akifanya jaribio la sayansi. Nilimkosea." Akageuka akaingia ofisini.

Naila alishika nafasi yake mstarini, shingo imenyooka. Lakini ilipofika mchana akajua kwamba majina ya kwenda Mbeya yalikuwa yamepelekwa siku ile ile aliyosimamishwa masomo. Nafasi yake ilipewa mfano wa bwawa la umeme uliotengenezwa kwa maboksi. Habiba alipoambiwa, aliupiga unga ngumi mpaka meza ikasogea. Kusafishiwa jina amesafishiwa, na safari imekwenda.

Jumamosi Lugano alikuja dukani. "Ugonile, mama," alisalimia kwa Kinyakyusa, kama mtu anayebisha hodi kwa woga. "Nimekuja kuomba radhi."

"Mimi nauza mkate. Aliyekosewa yuko jikoni."

Akapita nyuma. Naila alikuwa akipaka mafuta makopo ya kuokea. Lugano akasema yake, kwa maneno machache, akatoa fomu ya mashindano ya mwaka unaofuata. Naila akaipokea, akaisoma pande zote mbili.

"Mwakani, mwalimu, mkuu wa shule akinituhumu tena," alisema, "utasema?"

"Nitasema."

"Hata kama bado unajitolea?"

Lugano alichelewa kujibu. "Hata kama."

Naila akaikunja fomu, akaiweka mfukoni. "Ndaga, mwalimu," akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Habiba alisikia yote kutoka dukani. Msichana alikuwa amemwamini. Yeye bado.