Uzi wa Sweta ya Frankline

Mama Adero alimaliza kuanika omena, akaketi mlangoni kwake Manyatta na beseni katikati ya miguu, akawaza afume nini. Ndani ya beseni kulikuwa na madonge ya uzi wa bluu, na uzi ulikuwa ukitoa maji. Beseni likijaa alimwagilia sukuma wiki. Mboga zilistawi vizuri, ila zilikuwa na ladha ya ziwa.

Uzi ulitoka kwenye sweta ya mwanawe Frankline. Boti ya Okinyi ilipopinduka ikielekea visiwani, sweta ilirudi ndani ya wavu wa omena, mwenyewe hakurudi. Walizika tunda la yago mahali pake, kama inavyofanywa mtu asipopatikana. Sweta ilianikwa kiangazi kizima ikakataa kukauka. Adero akaifumua.

Sasa shemeji yake, Ondiek, alikuwa ametoka Bondo kuja kumkumbusha shukrani. Okinyi ndiye aliyeleta hema na fahali wa matanga.

"Huwezi kula ng'ombe wa mtu halafu unyamaze, binti wa Alego. Mfumie kitu. Si wewe ndiye fundi?"

"Na majaketi ya kuelea yalikuwa wapi siku ile?"

"Hayo ni mengine," Ondiek alisema, akaomba chai.

Majaketi yalikuwa pale yalipo hadi leo, kwenye stoo ya Okinyi, ndani ya nailoni yake. Hakutaka yashike harufu ya samaki. Kila mtu alijua, hata abiria. Winny, binti wa Adero, alikuwa bado anapanda boti za Okinyi kupeleka mitumba visiwani, maana hakuna nyingine.

Safia, jirani anayekaanga maandazi, alisogeza kigoda akainua miguu isilowe.

"Mfumie skafu."

"Itamnyonga."

"Na ubaya uko wapi, Mama Frankline?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Soksi zingefichwa ndani ya buti. Kofia angeivua kanisani. Adero alikamua donge moja, akalipima mkononi.

"Namfumia kizibao," alisema. "Kimkae kifuani. Akisikia uzito wa haya maji labda atafungua hiyo stoo, Winny avae jaketi."

Alikifuma kwa mishono minene, kwa umbo la jaketi lenyewe, hadi mifuko.

Siku ya kuombea boti mpya, Okinyi alikivaa pale pale ufukoni. Maji yakamshuka suruali yakajaa kwenye viatu. Pasta alisogea pembeni akaendelea na sala. Mtu akaleta ndoo.

"Erokamano, Mama," Okinyi alisema, amefumba macho. "Joto la huku linaua. Hiki kinanipoza vizuri sana."

"Na ile stoo, Bwana Okinyi?"

Akajigusa kifuani. "Ufunguo ninao hapa, Mama. Usiwe na wasiwasi."

Tangu hapo hakukivua. Alishinda kivulini, ndoo chini ya kiti, na wavuvi walioona jua kali walikuja kukaa karibu naye. Ufunguo ulining'inia shingoni, ndani ya kizibao, ukashika kutu, na siku alipoujaribu ukavunjikia kwenye kufuli. Okinyi alisema atatafuta fundi.

Ondiek alisifu kazi, akarudi Bondo. Madonge yaliisha, sukuma wiki zikarudia ladha yake.

Kulikuwa na uzi kidogo uliobaki. Haukutosha kizibao, wala kofia. Adero aliufuma bangili, na asubuhi ambayo Winny alikuwa anavuka, akamfunga nayo mkononi kabla hajapanda.

"Ni ya nini, Mama? Inanilowesha mkono."

"Usiivue," Adero alisema, akikaza fundo. "Wavu ukirudi na mtu, nijue ni wangu."

Winny akajitwika robota la mitumba, akaingia botini. Okinyi aliwapungia kutoka kivulini.