Lebo Niliyoisahau

Kaka alinipigia simu mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya ndoo ya maji, na bado alianza kwa salamu. Aliulizia watoto, akaulizia mafua yangu. Kisha akasema, kama mtu anayetoa taarifa kwamba atachelewa kidogo, "Ule ukurasa wako uutazame tena, mdogo wangu. Mvuke umenipata kidogo."

Hicho kidogo kilikuwa ngozi yote ya kiganja.

Imepita miaka kumi na moja. Kampuni yetu ilikuwa ikitengeneza mashine za mvuke za kutakasia vifaa vya hospitali, na kaka alikuwa fundi wake wa siku nyingi. Mimi niliandika miongozo, vitabu vizito ambavyo mafundi walizunguka navyo mgongoni na kuvitumia zaidi kama mito. Nikaja na wazo langu. Niliikata miongozo yote vipande vipande, kila kipande kazi moja, kisha kila kipande nikakipa lebo zake kwenye kompyuta: ni cha mashine gani, cha kazi gani, cha kusomwa na nani. Fundi angeuliza kwa simu na kuletewa ukurasa mmoja tu anaouhitaji. Wenzangu walinicheka. Kaka alivirudisha vitabu vyake stoo siku ile ile, akawa ananisifia kwa kila mwenye masikio.

Lebo ya toleo sikuiweka. Mashine ya zamani na mpya zilikuwa na jina moja, lakini milango yake haikufunguliwa sawa. Mpya ilijitoa mvuke yenyewe ukizungusha mlango; ya zamani ilibidi uutoe mvuke kwanza. Kaka, akiwa mbele ya mashine ya zamani, aliuliza namna ya kubadilisha mpira wa mlango, na mfumo wangu ukampa ukurasa wa ile mpya.

Alikuja ofisini siku ya nne, bandeji imepanda mpaka karibu na kiwiko. Daktari alikuwa bado hajasema kama vidole vitakunjika tena, na fundi asiyekunja vidole hana kazi. Mezani nilikuwa na barua yangu ya kuacha kazi. Aliisoma yote, akaikunja vibaya kwa mkono wa kushoto, akaitia mfukoni mwake.

"Vipande viko vingapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Haya, fungua cha kwanza."

Nilimwambia nitaongeza lebo ya mwaka wa kutengenezwa. Alicheka mpaka akaushika mkono wake kwa maumivu. "Mwaka nitausoma wapi? Kila wakipaka ukuta rangi, na kibao cha namba cha mashine kinapata fungu lake. Mimi nikifika naona mlango." Basi akanifundisha anachokiona. Mlango wenye mpini mrefu ni wa zamani, wenye gurudumu ni mpya. Geji ya presha ikiwa ubavuni, hiyo ni ya katikati, si ya zamani wala si mpya, iogope. Niliandika lebo mpya nikaiita "unachokiona". Leo mafundi wote hutafuta kwa lebo hiyo, na anayewafundisha ni kaka, kwa vidole vinne vinavyokunjika na kimoja kilichogoma.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Tulipofika kipande cha tisini na saba nilijikaza.

"Kaka, milango hii umeifungua miaka kumi na tisa. Hukujua?"

Aliitazama bandeji yake. "Nilijua."

"Sasa?"

"Niliona ni maneno yako. Nikasema huyu amesoma, huenda kuna kitu wamegundua huko ofisini, mimi ndiye nimebaki nyuma."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningelia nikamaliza, lakini alikaa tu pale akiisubiri kompyuta, na hapo nikazidi kumpenda. Niliugeukia ukurasa. Juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza, niliandika sentensi ambayo baadaye niliiweka juu ya kurasa zote: *Ukurasa huu ukipingana na unachokijua, simama, utupigie simu.*

Kaka alisogeza kiti, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alirudia kuisoma.

"Hapo sawa," akasema. "Cha tisini na nane."