Mtaalamu wa Chumba cha Tatu

Shuka lilikuwa kubwa kuliko chumba. Ili kulikunja ilibidi mlango uachwe wazi, na mmoja wao asimame ukutani kabisa, kisigino kikigusa ndoo iliyokinga maji ya dari. Mke wa seremala alishika pembe mbili, Shangazi akashika mbili nyingine. Wakalivuta likanyooka, wakalikung'uta mara moja, kisha wakasogeleana mpaka vidole vikakutana, na Shangazi akazipokea pembe zote nne. Wakarudi nyuma, wakachukua jingine.

Mke wa seremala alikuwa na miezi saba hajasema neno kwa mtu yeyote, tangu alipotoka wodi ya wazazi mikono mitupu. Siku ile alikaa kwenye benchi la korido kuanzia alfajiri akisubiri kupokewa, na jioni alipopokewa, mtoto hakuwa na uhai tena. Kwenye kadi waliandika kwamba mama alichelewa kufika. Hayo aliyaeleza mumewe. Mwenyewe akiitwa aligeuka, akipewa chakula alikula, akiulizwa jambo alitazama midomo ya anayeuliza, kama mtu anayetazama mvua ya nje akiwa nyuma ya kioo.

Jumanne hiyo kulitokea jambo. Vidole vilipokutana kwa shuka la sita, mke wa seremala hakuziachia pembe zake. Alizishika, akavuta pumzi, midomo ikaachana. Shangazi hakumtazama usoni. Alitazama upindo wa shuka, akangoja. Sauti ndogo ilipanda kooni mwa yule mama, ikakaa hapo, ikarudi ilikotoka.

"Tutamalizia Jumanne ijayo," Shangazi akasema polepole.

Seremala alikuwa nje. Kila wiki, kabla mkewe hajaketi, alilifuta benchi kwa leso yake mwenyewe, hata likiwa safi. Shangazi alimvuta pembeni akamwambia kwamba mkewe yu karibu kusema, asimuulize kitu njiani, asimshike mkono kwa nguvu, amwache tu atembee. Seremala aliitikia kila neno kwa kichwa, akijitahidi asisahau hata moja.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kituoni. Jina alilipata hospitali, alikokuwa dobi kwa miaka ishirini na miwili. Wodi haikuwa na mahali pa kulilia. Mama aliyepoteza mtoto alilazwa kitanda kimoja na mama anayenyonyesha, na akilia aliambiwa anawatia wenzake hofu. Basi walikuwa wakitoroka kwa mlango wa nyuma na kuja kujificha chumba cha kufulia, katikati ya mashuka yaliyotundikwa. Shangazi hakujua la kuwaambia, tena kazi ilikuwa nyingi. Alichofanya ni kuwapa pembe mbili za shuka. Siku nyingine mtu alikunja ishirini bila neno, akaenda zake. Siku nyingine alifika la tatu, yote yakamwagika.

Muuguzi mkuu aliliona hilo. Alipostaafu akaanzisha kituo cha ushauri, mtaa wa pili kutoka hospitali, alimchukua dobi wake na mashuka yaliyochakaa. Waliomuuliza aliwajibu kwamba yeye amesoma vitabu vyote na bado wagonjwa walikuwa wanamtoroka na kukimbilia kwa dobi. Muuguzi mkuu sasa hakuwepo tena duniani, na kituo kilikuwa na mkurugenzi.

Washauri walikuwa watatu. Chumba cha tatu kilikuwa cha Shangazi, ambaye pia alisafisha kituo. Chumba cha kwanza alikaa binti aliyetoka chuo mwaka uliopita, usajili wake ukiwa bado wa majaribio. Aliuliza maswali kwa upole, aliandika vizuri, na baadhi ya watu wakishaondoka alikwenda kunawa uso muda mrefu. Chumba cha pili alikaa kijana nadhifu ambaye mjomba wake alikuwa mjumbe wa Bodi ya Usajili. Cheti chake kilikuwa ukutani ndani ya kioo. Watu walimpa jina la Jikaze kwa sababu ndiyo dawa aliyokuwa nayo. Aliyefiwa aliambiwa ajikaze, aliyepigwa ajikaze, aliyefukuzwa kazi ajikaze zaidi. Hakuwa na roho mbaya. Mvua ikinyesha alimpa mtu yeyote mwavuli wake, na mara mbili haukurudishwa, naye hakuuliza.

Mwezi huo mkurugenzi aliamua kila mshauri awe na bango mlangoni pake, watu wajue wanaingia kwa nani. Picha juu, kisha elimu, uzoefu na mbinu. Shangazi alipewa karatasi akaijaza kwa herufi kubwa. Elimu: shule ya msingi. Uzoefu: dobi wa hospitali. Mbinu: ninakunja mashuka na mtu.

Binti aliisoma akiwa amesimama, akaona haya kwa niaba yake.

"Watakucheka, Shangazi."

"Acha wacheke. Wengi wanaoingia humu wamesahau hata namna ya kucheka."

Lakini binti aliichukua, na asubuhi akaja nayo imechapwa: Mtaalamu wa tiba ya majonzi kwa njia ya kazi za mikono. Uzoefu wa miaka ishirini na miwili katika mazingira ya hospitali. Humsindikiza mteja kwa ukimya na mwendo mpaka awe tayari kusema. Shangazi aliisoma mara mbili.

"Sasa huyu ni nani?"

"Ni wewe. Sijaongeza kitu, nimepanga tu maneno."

Shangazi alicheka, halafu akaisoma mara ya tatu. Katika umri wake wote maneno yaliyowahi kuandikwa kumhusu yalikuwa orodha ya zamu na barua ya kuonywa kwa kuchelewa. Alimshika binti kichwani kama anavyoshikwa mtoto aliyeleta maji, akamshukuru. Bango likatundikwa. Wiki nzima, alipokuwa akifuta milango, mlango wa tatu ulichukua muda mrefu kidogo kuliko mingine.

Ijumaa akaja mkaguzi wa Bodi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na alipokanyaga sakafu iliyopigwa deki aliomba radhi. Chumba cha pili alikaa kwa dakika mbili. Cheti kilikuwepo, na sahihi iliyokuwa chini yake aliifahamu. Chumba cha tatu alisimama mlangoni akasoma bango mpaka mwisho, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. Kisha akaomba waende ofisini.

Shangazi alipoitwa, mkurugenzi alimvutia kiti mwenyewe.

"Mama," mkaguzi akasema, "cheti cha hili neno mtaalamu kiko wapi?"

"Sina, mwanangu."

"Basi watu wanapoingia kwako unawafanyia nini?"

Shangazi alimweleza. Alimweleza shuka linavyoshikwa, kwamba mtu akiwa na kazi mkononi hatazamwi sana usoni, kwamba kuna kusogea na kuna kurudi nyuma, na neno hutoka lenyewe likiwa tayari. Mkaguzi alisikiliza bila kumkatiza. Aliandika kidogo, akafunga kalamu.

"Ninaamini kwamba unawasaidia. Lakini kwenye orodha yetu ya mbinu, kukunja mashuka hakumo. Na kujiita mtaalamu bila cheti ni kosa, mama. Si mimi, ni kanuni."

Mkurugenzi alikuwa na barua tayari. Ilisema kwamba yeye, mfanyakazi wa usafi wa kituo, alijitangaza kwa umma kuwa mtaalamu bila uongozi kujua. Kuanzia Jumatatu angekaa mapokezi, aandike majina na kuonyesha namba ya chumba. Hangezungumza na mteja yeyote jambo lingine, ndani ya kituo wala nje. Sharti hilo likivunjwa, leseni ya kituo ingefutwa.

Lakini uongozi ulikuwa unajua, na Shangazi alifahamu hivyo. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyelipeleka bango kwa mchapaji, na akalisifu.

"Barua haisemi nani aliyatunga yale maneno," mkurugenzi akasema, akiangalia dirishani. "Usiposaini, Bodi italazimika kuuliza."

Shangazi alitazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule binti alikuwa akimuuliza mtu jambo, taratibu, akimpa nafasi ya kutojibu.

"Niliyatunga mimi," akasema.

"Nilijua ungesema hivyo," mkurugenzi akajibu, na sauti yake ilikuwa karibu ya shukrani.

Kabla ya kushika kalamu Shangazi aliomba kitu kimoja. Kuna mama yu karibu kusema, alisema, miezi saba yuko kimya, wampe Jumanne moja tu, hata wakitaka wakae naye chumbani. Mkaguzi alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akasema mteja huyo hatatupwa, binti ana watu wengi mno, lakini chumba cha pili kina nafasi na kina mtaalamu. Mkaguzi akasema angerudi Jumanne hiyo hiyo kuhakikisha mambo yamewekwa sawa. Akamsogezea Shangazi karatasi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini, akamwekea mkono begani kidogo alipomaliza.

Mchana binti alimfuata stoo ya mifagio, macho mekundu. Alisema anakwenda kueleza ukweli, sasa hivi, na wamfanye watakavyo.

"Kaa chini kwanza," Shangazi akamwambia. "Wakikufuta wewe, hapa anabaki nani?"

Binti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Anabaki Jikaze peke yake. Haya, kanawe uso. Kuna mzee anakungoja pale nje tangu saa sita na hajui kama amesahauliwa."

Jumanne Shangazi alikuwa nyuma ya meza ya mapokezi, na mbele yake kitabu cha majina. Kwenye mlango wa tatu palikuwa na matundu manne ya misumari. Mkurugenzi alisimama karibu na kabati, mkaguzi pembeni yake na jalada lake, wakizungumza habari za rangi ya kuta.

Seremala aliingia na mkewe saa tatu kamili. Alitoa leso akafuta benchi, lakini mkewe hakukaa. Yule mama alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani, amekifunga kwa makini. Alipita benchi, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa tatu, akashika kitasa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Akakishika tena. Kisha akageuka, akamwona Shangazi mahali ambapo hakuwahi kumwona.

Shangazi aliandika jina lake kitabuni. Alilijua, hakuhitaji kuuliza. Akaandika saa. Akaandika namba ya chumba. Halafu akainua mkono akaonyesha mlango wa pili.

Mke wa seremala hakutazama mlango. Alisogea mpaka meza ikamgusa tumboni. Alimtazama Shangazi midomo, akingoja, kama alivyokuwa akitazama watu wote kwa miezi saba. Midomo ya Shangazi haikufunguka. Mkaguzi alikuwa ameacha kuzungumza habari za rangi. Kule ndani, chumba cha kwanza, binti alikohoa, na kikohozi chake kilisikika mpaka mapokezi.

Yule mama alivuta pumzi.

"Shangazi," akasema. Sauti ilikuwa nzito, yenye kutu. "Mbona umeninyamazia?"

Leso ilimwanguka seremala. Shangazi alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Aliitikia kwa kichwa, kitu ambacho barua haikukitaja, lakini yule mama hakuwa ameuliza swali la kuitikiwa kwa kichwa. Alingoja. Alingoja kwa subira kubwa, kama alivyofundishwa mle chumbani. Kisha uso wake ukafungika, kidogo kidogo, kuanzia macho.

Jikaze alitoka, akamshika kiwiko kwa adabu, akamwambia karibu mama, akamwingiza chumba cha pili. Mlango ukafungwa.

"Amesema," seremala akasema. Alikuwa akicheka na machozi yakimshuka. "Mmesikia? Mke wangu amesema." Alimgeukia Shangazi, akataka kumshika mikono, akaiona imeng'ang'ania meza, basi akamwendea mkurugenzi. Alimshika mkono wake kwa mikono miwili, akautikisa, akamshukuru yeye na wataalamu wake wote. Mkurugenzi alipokea. Alisema ndiyo kazi yao.

Mkaguzi alifungua jalada juu ya meza ya mapokezi, kwa kuwa hapakuwa na meza nyingine. Alimwomba Shangazi radhi, akasogeza kitabu cha majina kupata nafasi ya kuandikia, akaandika kwa mwandiko mzuri wa duara: Chumba cha pili. Mteja amezungumza siku ya kwanza.

Nyuma ya mlango sauti ya Jikaze ilikuwa ikisema jambo, ikanyamaza kungoja jibu, ikasema tena jambo lilelile.